Kikohozi Ndani ya Santuri

Anaclet ni rafiki yangu, lakini tangu anisimulie haya simpi mkono.

Mwaka ule askari walipopora maduka ya Lubumbashi, yeye alimpora mjane wa mjomba wake. Matanga hayajaisha, akabeba gramafoni ya umeme na santuri zote za okestra, za mtunzi asiyekumbukwa na mtu.

“Mutoto yangu, ile moya uniachie,” mjane Laurentine alimwomba. “Bwana yangu alikuwa anaisikilizaka mpaka akakufa.”

Hakuiacha. Jioni, kwake mtaa wa Ruashi, akaipiga. Chini ya sauti ya fidla akasikia kikohozi cha majimaji, kilekile kilichomuua mjomba. Umeme ukakatika. Muziki ukazama, ukanyamaza.

Kikohozi kikaendelea. Anaclet akapapasa gizani aiondoe santuri, vidole vyake vikazama katika kohozi zito, lenye joto.