Asteria wa Darasani

Nilikuwa namwogesha ndipo nikaziona. Alama mbili nyekundu, zimekaa sambamba katikati ya kifua, chini kidogo ya chuchu, kila moja kubwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Nikaweka vidole gumba vyangu juu yake, kwa kujaribu tu, vikakaa sawasawa, na vidole vyangu vingine vikajikuta vimezunguka mbavu za mtoto mpaka mgongoni. Nikamgeuza. Mgongoni kulikuwa na alama nane ndogo.

Mtu amemshika mwanangu hivi, nikasema peke yangu. Amemshika akambonya.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa saba, baridi ya kijijini kwetu Ruanda, ile inayofanya maji ya moto yafuke hata jua likiwa limepanda. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Asteria wangu wa miezi minane. Saa nne nilikuwa nimemlaza, nikatoka kugeuza kahawa kwenye kichanja, nikarudi. Haifiki nusu saa. Mlango nilikuwa nauona muda wote. Na chumba kilinuka plastiki, harufu ya ndala zikiwa bado mpya dukani, na kwetu hakuna mwenye ndala mpya.

Mume wangu Methodi aliporudi kutoka kwenye mashine ya kahawa nikamwonyesha. Akacheka. "Si wewe mwenyewe? Ukimfunga mtoto mgongoni utadhani unafunga gunia la kahawa."

Sikucheka. Alama kama zile nilikuwa nimeshaziona mara moja, mwezi wa tano, na aliyeziweka nilimjua.

Daktari Albina. Huyu ni daktari wa watoto wanaofika hospitalini wakiwa wamezidiwa, tena ni mwalimu. Wauguzi na matabibu kutoka vituo vyote vya afya mpaka kule ziwani wanakuja Mbinga kufundishwa naye. Mwezi wa tano Asteria alishikwa homa ya mapafu, nikafika naye mapokezi midomo imekuwa ya bluu, shingo imelegea, hapumui. Daktari Albina alimnyakua mikononi mwangu, akambonya kifua kwa vidole gumba viwili, muuguzi akampulizia hewa kwa ule mfuko wao, yeye anahesabu kwa sauti bila kutetemeka, mpaka mwanangu akalia. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Akaniinua.

"Usinipigie magoti, mama. Anaitwa nani huyu?"

Nilimtajia. Kwa furaha niliyokuwa nayo nililitaja jina la mwanangu mara tatu.

Basi Alhamisi nikapanda bodaboda mpaka kwake hospitalini. "Shikamoo daktari," nikafunua nguo ya mtoto. Akaangalia. Nilimwona akiangalia, akaishusha ile nguo haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenzake.

"Ni alama za kuzaliwa."

"Za kuzaliwa, daktari? Juzi hazikuwepo."

"Ngozi ya mtoto inabadilika. Nenda nyumbani upumzike, Mama Asteria. Mimi nimewahi kukudanganya?"

Nikaona aibu hata kuuliza. Nikarudi.

Jumatano iliyofuata sikutoka nje. Nilikaa kitandani, mtoto mapajani, tunacheza na kijiko. Saa nne harufu ile ikaja. Halafu nikasikia kitu kinalia, tiki, mlio mdogo mkavu, sikujua unatoka wapi, mpaka nikainamisha kichwa nikagundua unatoka ndani ya kifua cha mwanangu. Kijiko kikamdondoka, macho yakabaki wazi yananitazama, na kifua kikaanza kuzama chenyewe, kinazama na kuinuka, kinazama na kuinuka, tiki, tiki, tiki, bila mkono wa mtu, na mikono yangu mimi iko pale pale na haiwezi kuzuia kwa sababu hakuna cha kushika, na midomo inageuka rangi, na mle ndani, kwenye chumba changu nilichokipaka chokaa mwenyewe, sauti ya mwanamke ikawa inahesabu taratibu, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, pumzi, na mashavu ya mwanangu yakajaa upepo ambao sikuuona ukiingia, pumzi, yakajaa tena.

Kisha sauti ikasema, "Vizuri. Amerudi."

Asteria akavuta hewa akalia.

Sijamaliza hata kumbeba, sauti ikasema, "Mwingine aje."

Na ikaanza upya.

Mara sita. Mara sita mwanangu alikufa mapajani kwangu na kurudishwa, na mara ya sita Methodi alikuwa ameingia kunywa chai, akasimama mlangoni na kikombe chake mpaka chai ikammwagikia mguuni na hakushtuka. Hakucheka tena yule. "Ile sauti," akaninong'oneza, "mbona kama naijua?"

"Nyamaza," nikamwambia. Na mimi niliijua.

Methodi akampigia simu bibi yangu kijijini Mbaha, Bibi Ottilia aliyenilea kule ziwani mpaka nikamaliza kidato cha nne. Akafika Ijumaa na fuko la usipa, dagaa wa kule ziwani, mkononi. Hakukaa hata chini. Akamnusa mtoto utosini, akauliza kwa sauti ya chini, "Jina la huyu mtoto nani kalitoa?"

"Hakuna, bibi."

"Yupo. Na ni mtu unayempenda. Unayemchukia usingemtajia mtoto kwa furaha." Akamrudisha mikononi mwangu. "Hilo ni jini lisilo na jina, mjukuu wangu. Limepewa la mwanao. Limelivaa. Likiguswa lenyewe, anaguswa huyu."

"Linavuliwaje?"

"Aliyelipa jina alinyang'anye, kwa mdomo wake, mchana, mbele ya watu. Akikataa, wewe uliyezaa una haki hiyo. Lakini ujue kitu kimoja. Halikai tupu. Ukilivua jina moja litadai jingine pale pale, na usipokuwa nalo litawachukua wote wawili, wewe na mwanao."

Jumatano ya tatu, saa tatu na nusu, nilikuwa hospitalini, Asteria mgongoni. Nje ya chumba cha mafunzo kuna kijana mmoja muuguzi, Pankras, kutoka kituo cha Lundo, anakula andazi. Nilimfahamu tangu tulipolazwa. Akanichangamkia.

"Ah, Mama Asteria! Na huyu ndiye Asteria mwenyewe? Mbona yeye mnene hivi? Wa kwetu humu ndani tumemuua mara sita wiki iliyopita na hanenepi!"

"Wa kwenu yupi?"

"Mdoli wa mafunzo, wa kozi hii iliyoanza mwezi huu. Daktari kampa jina. Na ukimwita mdoli unatolewa nje, lazima umwite Asteria, ndiyo sheria yake." Akaniangalia vizuri, akaacha kutafuna. "Dada, vipi? Kaa kwanza."

Nikaingia.

Walikuwa kumi na wawili, wamezunguka meza. Juu ya meza mdoli wa plastiki, saizi ya mtoto wa miezi minane, umelala chali. Umevaa kofia ya sufu ya bluu. Ile kofia nilifuma mimi. Nilidhani ilipotea wodini mwezi wa tano, nikaitafuta chini ya vitanda vyote, na Daktari Albina aliinama akanisaidia kutafuta.

"Shikamoo daktari," nikasema. Mazoea tu, mdomo ulijisemea wenyewe.

Hakuitikia. Aliitazama kofia, akanitazama mimi. "Tokeni nje," akawaambia wanafunzi.

"Wabaki," nikasema. Wakabaki, wamejibana ukutani.

"Sikiliza, Mama Asteria." Alikuwa ananong'ona. "Miaka minne iliyopita mtoto alinifia mikononi. Aliokotwa barabarani, hana ndugu, hana jina, tukamzika hivyo hivyo. Wiki ile ile mdoli ukaanza kuwa na joto. Sijui ni yeye au ni kitu kilichopita mlango aliouacha wazi. Ukaanza kulia wenyewe, tiki, tiki, hakuna mtu aliyeubonya. Kisha mwezi wa tano mwaka huu kikaja mpaka nyumbani kwangu kumwuliza binti yangu anaitwa nani. Lidia akaamka na alama kifuani. Ana miaka kumi. Ungefanya nini wewe?"

"Ningeuchoma moto."

"Nimeuchoma. Mara mbili. Narudi darasani naukuta mezani."

"Ukakipa Asteria."

"Nilikuwa nimetoka kumrudisha. Jina lake lilikuwa bado liko mdomoni." Akanisogelea. "Na mimi nimekuwa mwangalifu, nakuapia, simwachi mwanafunzi atoke kabla hajamrudisha. Halafu waangalie hawa. Tangu kiingie wanajifunza kweli, mikono yao inahisi mtoto, si plastiki. Waulize wamerudisha watoto wangapi huko vituoni kwao. Mwanao amewasaidia hao wote."

"Nilikuja hapa na alama," nikasema. "Ukaniuliza umewahi kunidanganya. Nikaona aibu, daktari. Mimi ndiye niliyeona aibu."

Na hapo, hakuna mkono uliokaribia meza, kifua cha mdoli kikazama. Tiki.

Mgongoni kwangu Asteria akakakamaa.

Nilifungua kanga nikamlaza mezani ubavuni mwa ule mdoli, na vifua viwili vikawa vinazama pamoja na kuinuka pamoja, cha plastiki na cha mwanangu, na wanafunzi wakaanza kupiga kelele na mmoja akatapika, na Daktari Albina akamrukia mwanangu kwa vidole gumba vyake viwili akaanza kubonya na kuhesabu kama alivyofanya mwezi wa tano, sauti ile ile iliyokuwa chumbani kwangu, na mimi namvuta mikono nalia, "Acha kuhesabu! Linyang'anye jina! Sema tu, daktari, sema!" na yeye anatikisa kichwa, machozi yanamdondokea mtoto, "Nikilinyang'anya litamchukua Lidia, siwezi, siwezi, kumi na nne, kumi na tano."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Angembonya mwanangu mpaka jioni, angembonya mpaka mikono yake ikatike, lakini lile neno moja asingelisema.

Nikaivua ile kofia kichwani kwa mdoli.

"Asteria ni wangu," nikasema, watu wote wakinisikia. "Nilimzaa mimi na jina nilimpa mimi. Nalichukua."

Mdoli uligeuza shingo. Taratibu, plastiki inakwaruza plastiki. Mdomo wake uko wazi siku zote, wameutengeneza hivyo, na mle mdomoni pumzi ikatoka, sauti ya mfuko wa hewa ukibanwa na kuachiwa.

"Mimi nani?"

Nilikuwa nalo jina tayari. Nilimfahamu Lidia, alituletea uji wodini siku moja akiwa na sare yake ya shule. Lilishafika kwenye ulimi wangu. Daktari Albina akaliona pale, akaacha kubonya, akapiga magoti akanishika miguu.

"Nakuomba, mama. Nakuomba. Si mwanangu."

Sikumwinua. Nilimwacha pale chini, na kwa muda ambao sitausahau nilipenda kumwona pale. Kisha nikamtazama Asteria, midomo yake, nikaona siwezi kumfanyia mama mwingine hivi.

"Wewe ni Marselina," nikauambia mdoli.

Ni jina langu.

Asteria akalia, kilio cha njaa cha kawaida kabisa. Mdoli ukalala ukawa plastiki. Daktari Albina akaapa pale pale mbele ya wanafunzi wake, kwa uhai wa Lidia akaapa, kwamba mdoli ule ataufungia stoo siku hiyo hiyo na hakuna mkono utakaoubonya tena. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili. "Niamini," akasema. Nami nilichoka, jamani. Nikamwamini.

Wiki tatu kimya. Asteria akaota jino, akaanza kusimama kwa kushika kiti. Methodi akaanza tena utani wake.

Jumatatu ya wiki ya nne, saa nne asubuhi, nachambua kahawa mbovu kichanjani, nikasikia harufu ya ndala mpya. Nikasikia tiki. Nikajua inatoka wapi kabla sijainamisha kichwa. Nilianguka kifudifudi juu ya kahawa, natazama punje na siwezi kupumua, na nikasikia mtu anahesabu, sauti ya kiume, changa. Haikuwa ya daktari.

Jioni nikampigia Pankras nimwulize kama mdoli bado uko stoo. Alikuwa na furaha. "Mama Asteria! Huku Lundo tumepiga hatua, wewe. Daktari ametuletea vifaa, sasa tunafundishana wenyewe, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mdoli mzuri sana, si ule tena, huu mwingine kabisa, unaitwa..." Nikamsikia anavuta pumzi. "Dada. Jina lako mwenyewe ni nani vile?"

Nilipompigia Daktari Albina simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

Pankras alizificha funguo za sanduku la ule mdoli mara mbili, na mara mbili wamelikuta wazi. Ameniambia kwa kunong'ona kwamba anakaa karibu na meza kila zamu, ahakikishe kila mmoja ananirudisha. Leo ameitwa Mbamba Bay kwenye kikao. Ni Ijumaa, saa nne kasoro dakika tano. Asteria nimempeleka kwa jirani asione. Wanafunzi ni wapya, wanane, kutoka vijiji vya ziwani, na nimepiga magoti hapa sakafuni nawaombea wao, wawe walilala vizuri, wawe wamesoma, mikono yao isitetemeke.

Harufu imekuja. Anayeanza ni msichana. Moja, mbili, tatu, nne, sita.

Ameruka tano.