Usiniletee Isale, Niletee Hasira Yako

"Sipokei!"

Kornel alibaki amesimama kwenye migomba, mkono umenyooka, jani la isale kalipiga fundo. Kwetu Kibosho ukiletewa isale lazima usamehe, hata kama moyo bado unachemka. Ndiyo maana niliweka mikono nyuma.

"Salvina, isale halikataliwi."

"Najua, ndiyo maana umelileta. Unataka hasira yangu iishe kabla hujaiuliza inatoka wapi."

"Inatoka wapi sasa?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha ujumbe. Jana nilimwandikia: "Jovin wa Chekereni anataka kunioa. Kesho jioni baba anampa jibu." Yeye akanijibu: "Sawa. Mungu akutangulie."

"Miaka yote tunapendana, halafu sawa?"

"Ulitaka nitukane?"

"Nilitaka uumie hata kidogo! Mtu asiyeumia nitajuaje kama ana kitu cha kupoteza?"

Akashusha pumzi.

"Mimi napandisha wageni mlimani. Mgeni akizidiwa, akiona nami naogopa, anakata tamaa. Nimezoea kuficha."

"Kwa hiyo mimi ni mgeni wako?"

Mbuzi wa mama akanyoosha shingo, akalivuta lile jani mkononi mwa Kornel, akaanza kutafuna.

"We mbuzi!" Kornel akafoka, uso umemwiva. "Hata wewe unanionea! Na huyo Jovin na mashamba yake ya mpunga simpendi! Sijalala! Asubuhi nimemtilia mgeni chumvi kwenye chai!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Endelea, endelea."

"Naogopa, Salvina. Naogopa kukukosa."

"Basi kamwambie baba hivyohivyo, kabla hajampigia Jovin."

Baba alikuwa barazani anamenya ndizi na mama. Kornel akawasogelea, mimi nikajibanza pembeni ya mlango.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, una malaria?"

"Hapana baba, ni woga. Naogopa utamkubali Jovin. Nampenda Salvina. Najua ilitakiwa nitume wazee, ila nimeona nitachelewa."

Mama akaacha kisu.

"Huyu ndiye yule mpole?"

Baba naye akaweka ndizi chini.

"Jovin alikaa hapohapo ulipo. Akaongea vizuri, kama redio. Nikamuuliza, nikikunyima je? Akasema hakuna shida mzee, wasichana wapo. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki. Sasa na wewe, nikikunyima?"

"Nitalia, baba. Hapahapa."

"Usithubutu! Mama yake huyu atakusaidia kulia, nibaki na vilio viwili." Akageuka. "Salvina, acha kujificha. Unamtaka?"

"Namtaka, baba."

"Jovin nitampigia mwenyewe. Wewe kijana, walete wazee wako na pombe ya mbege ya kueleweka."

Kornel akainamisha kichwa, mabega yanacheza.

"Si nimekwambia usilie?"

"Hii ni furaha, baba."

"Haya, hiyo lia," baba akasema, naye anatafuta leso mfukoni.