Mawakili Walipoondoka Mezani

Kila kitu kiliharibika Jumanne tarehe 14 Januari 2014, saa tisa kasorobo alasiri, na aliyekiharibu hakuwa Orrin Lindahl wala mkewe Marlys. Aliyekiharibu alikuwa ameketi penye joto, kikombe cha kahawa mkononi, funguo za droo mfukoni. Lakini watu wa namna hiyo hawaitwi mezani kujieleza. Mezani wanaitwa wadogo.

Siku hiyo theluji iliimwagikia Minneapolis kama magunia ya unga yaliyopasuka. Orrin, dereva wa gari la kusukuma theluji, alikuwa kwenye usukani tangu alfajiri. Mama mkwe wake alikuwa hospitali, ng'ambo ya mto, hali mbaya. Marlys alimpigia mumewe simu mara kumi na moja. Haikupokelewa. Mwishowe akapiga ofisini kwa msimamizi, mtu anayeitwa Rask.

"Tumeshamwambia, mama," alisema Rask. "Anajua."

Orrin alifika hospitali kesho yake asubuhi, buti zikidondosha maji, akamkuta mama mkwe kafunikwa shuka. Marlys hakumuuliza kitu. Watu wa kule hawafokeani. Hasira wanaimeza na kahawa, inakaa tumboni miaka. Walipofika nyumbani alimmiminia kikombe, akachukua mto wake, akahamia chumba cha wageni.

Na hawa walikuwa wamependana, msiwaone hivi. Walikutana miaka kumi na tisa nyuma, kwenye maonyesho ya jimbo mwisho wa Agosti, katikati ya umati unaonuka mafuta ya kukaangia. Marlys alivaa gauni la manjano lenye vifungo vyeupe, nywele kazifunga kitambaa cha buluu. Orrin alikuwa na kofia iliyonuka dizeli, akajipenyeza mbele yake kwenye foleni.

"Kaka, hii foleni ina mwisho, na mwisho uko kule nyuma."

"Ndiko nilikotoka. Nimeona mgongo, nikaja kutazama uso."

"Na uso umeuonaje?"

"Nanunua jibini ya kukaanga ya watu wawili."

"Watatu. Nina njaa."

Majira ya baridi yaliyofuata walijenga kibanda cha mbao cha kuvulia samaki, wakakipaka rangi nyekundu, wakakiburuta hadi katikati ya ziwa lililoganda. Ndani jiko dogo, viti viwili, matundu mawili kwenye barafu, la bibi na la bwana. Humo ndimo Orrin alimomposa Marlys, kidole cha Marlys kikiwa kimevimba kwa baridi hata pete haiingii.

Baada ya msiba walikaa miezi kumi bila kugusana. Novemba wakaenda kuachana.

Kule kuna namna ya kuachana bila kwenda mahakamani. Mume na wakili wake, mke na wakili wake, meza moja. Mnatia sahihi kwamba hakuna atakayekimbilia kwa hakimu. Wakili wa Marlys alikuwa Bi Thorsgaard, miwani kaining'iniza kifuani. Wa Orrin alikuwa Bwana Kessel, tai ya kijani, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Walikuwa watu wapole, lazima isemwe. Upole wao ndio uliokuwa ukimkaba Orrin.

"Siku ile ya theluji..." Orrin angeanza.

Kessel angegonga kalamu mezani. "Hatutafuti mwenye kosa hapa, Orrin. Tuangalie mbele."

Wakaangalia mbele mpaka nyumba ikagawanywa, na mbwa, na hata kabati la marehemu. Februari kilibaki kibanda tu. Jioni moja Marlys akapiga simu.

"Barafu inalainika, na Machi sheria inataka vibanda viwe vimetoka ziwani."

"Nitakitoa."

"Ukipeleke wapi? Unakaa chumba kimoja juu ya duka la matairi, mzee wangu. Utalala ndani yake?"

"Nilikijenga mimi."

"Ulishika misumari. Nyundo nilikuwa nayo mimi, na kidole nilichokiponda ni chako."

Orrin alitaka kucheka. Kicheko kilimfika kooni kabisa.

"Basi nitakiuza," alisema Marlys, "tusisumbuane."

Kicheko kikarudi chini. Asubuhi Orrin alivaa koti lake la kazini, akaenda mahakamani, akafungua shauri la kibanda. Ile karatasi aliyotia sahihi Novemba hakuikumbuka. Nani anasoma kurasa kumi na nne zilizoandikwa na watu wanaolala wakashiba usingizi?

Alhamisi, mezani, Bi Thorsgaard akavaa miwani.

"Bwana Lindahl, hii karatasi ya mahakamani ni yako?"

"Yangu."

Kessel akajifunika uso. "Ukurasa wa tatu, Orrin. Mmoja wenu akienda kwa hakimu, mimi na mwenzangu tunatoka, wote wawili. Hatuwezi kuwasimamia tena, hata huko mahakamani."

"Nilishtaki kwa ajili ya kibanda. Sikuwashtaki ninyi."

"Najua. Chumba ni chenu mpaka saa sita." Wakakusanya makaratasi yao, wakapeana mikono na kila mtu, mlango ukafungwa.

Marlys alikuwa na sweta jekundu alilofumiwa na mama yake. Alivitazama viti viwili vitupu.

"Hongera, bwana. Umemfukuza hata wa kwako."

"Afadhali. Hakuna wa kunigongea kalamu. Siku ile, Marlys..."

"Siku ile ulijua mama anakata roho, ukaendelea kusafisha maegesho ya maduka."

"Nilijua nani kaniambia?"

"Rask. Saa tisa kasorobo. Kaniambia mwenyewe kwamba unajua."

"Rask hakuniambia neno. Simu zetu madereva alizifungia kwenye droo, amri mpya ya wakubwa. Yangu nimepewa saa moja asubuhi. Nikaona umepiga mara kumi na moja. Nimeendesha mpaka hospitali bila hata kukwangua barafu kwenye kioo."

"Na mdomo ulikuwa nao? Mbona hukusema?"

"Ulinimiminia kahawa. Nikadhani ya droo unayajua, umeamua kunichukia hivyo hivyo. Na hapa kila nikifungua mdomo, tuangalie mbele."

Marlys alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Miaka kumi na tisa Orrin hakuwahi kumwona akipiga kitu.

"Zaidi ya mwaka," alisema. "Nimekuchukia zaidi ya mwaka mzima, Orrin. Na yule mtu bado ana funguo."

Hakulia. Alivaa glavu, moja baada ya nyingine.

"Twende tukakitoe kibanda."

Hawakukitoa. Adhuhuri iliwakuta ndani, jiko linawaka, Marlys kwenye tundu lake na Orrin kwenye lake, mkate mwembamba wa viazi magotini. Shauri la Orrin lilikuwa bado mahakamani. Magoti yao yaligusana, na hakuna aliyesogeza lake.

"Hukiuzi tena?"

"Nyamaza, utafukuza samaki." Kisha, macho kwenye maji meusi, akauliza kwa sauti ndogo, "Rask angekufuata barabarani akakwambia, mama mkwe anakufa, lakini ukishuka kwenye hilo gari kazi huna. Ungeshuka, mpenzi?"