Kibali cha Kukata Msuku

Nina duka dogo la steshenari karibu na ofisi za serikali hapa Songea mjini. Nachapa barua za watu, natoa kopi, nafanya lamineti za vyeti. Kwa miaka kumi na moja nimechapa maombi ya kila aina: ya kazi, ya likizo, ya kumhamisha mtoto shule, hata ya kufukua marehemu akazikwe upya kwao. Ndiyo maana mdogo wangu Polikarp alipotaka kukata mti uliokuwa uani kwetu Mshangano, hakwenda kwa mtu mwingine. Alikuja Jumanne asubuhi na maandazi mawili kwenye gazeti, akakaa kwenye stuli, akasema, "Dada Noela, nichapie barua."

Mti wenyewe ulikuwa msuku, ule unaozaa matunda ya masuku, mkubwa kuliko misuku yote ya mtaa ule, umesimama hatua nne kutoka ukuta wa chumba chake. Mizizi ilishapasua msingi. Mwezi Oktoba tawi lilianguka likatoboa bati, juu kabisa ya mahali walipopanga kuweka kitanda cha mtoto. Mkewe, Rosemary, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Kwa hiyo Polikarp hakuwa na mchezo na mti ule. Alitaka uondoke kabla mtoto hajazaliwa, na jina la mtoto alishalichagua: Leonce, kama baba yetu.

Nilimwelewa. Hata mimi nilimtaka huyo mtoto, pengine kuliko ilivyonipasa. Mimi sijazaa. Niliolewa Namtumbo miaka sita, nikarudishwa nyumbani na begi moja, na tangu hapo naishi na mama. Watu wana maneno yao kwa mwanamke wa namna yangu, na mengi nimeshayasikia nikiwa nimekaa palepale wanaposemea.

Mjini huwezi kukata mti kwa kujiamulia, hata kama umeota kwenye kiwanja chako. Unaandika barua, inapita kwa mwenyekiti wa mtaa, inapita kwa mtendaji wa kata, kisha afisa misitu anakuja kuuona mti kwa macho yake ndipo kibali kitoke. Kuna na fomu, nayo inataka sahihi ya mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja ni mama yetu, Benigna. Karibu na mwisho kuna swali linalouliza kama chini ya mti au jirani yake kuna kaburi. Niliandika hapana bila hata kufikiri. Nimekulia kwenye nyumba ile. Baba kazikwa makaburi ya parokia na babu yuko Mpitimbi.

Mama alikataa. Alikuwa barazani anachambua maharage kwa kupapasa, maana macho yote mawili yana mtoto wa jicho na anaona vivuli tu. Aliposikia habari ya msuku, vidole vilisimama. Alisema mti ule haukatwi, na kama chumba kinavuja wahamie cha mbele. Polikarp akaeleza habari ya msingi, ya bati, ya mtoto. Mama akarudia yaleyale. Polikarp akatoka akabamiza mlango wa uani, nikabaki mimi na mama na ungo wa maharage. Nilimbembeleza karibu saa nzima. Nilimwambia kama kuna jambo aniambie mimi, mwanamke mwenzake, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nitajua namna ya kulifikisha.

"Ungekuwa umezaa ningekuambia," mama akasema. "Haya ni ya waliozaa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya chumvi. Lakini liliniingia likakaa. Mume wangu aliwahi kuniambia maneno makali zaidi ya hayo, na mawifi zangu wa Namtumbo usiseme, ila mama yangu hakuwahi. Hasira hasara, ndivyo wanavyosema. Wanaosema hivyo hawakuambii kuwa ile ya mwanzo ni tamu. Alhamisi nilirudi nyumbani na kidau cha wino. Nikamwambia mama ile ni fomu ya kliniki ya macho, wamwite akafanyiwe upasuaji. Alifurahi. Alininyooshea dole gumba mwenyewe, na nilipomaliza kulifuta wino akaniombea kwa Mungu.

Nayasema haya wazi kwa sababu mtaani wanamlaumu Polikarp. Polikarp aliona fomu ina alama ya dole, akadhani mama amelainika. Aliyefanya ni mimi.

Afisa misitu anaitwa Kajetani, mtu mzima, mpole, wa kuhesabu maneno. Alikwenda kuukagua mti saa sita mchana wakati mimi niko dukani, Polikarp yuko kazini na mama yuko kwa jirani. Rosemary alimfungulia geti akarudi kulala. Kesho yake Kajetani alikuja kwangu na ripoti yake ya mkono, akaomba nimchapie kwa kuwa kompyuta ya ofisini ilikuwa imegoma. Nikaanza kuchapa. Mti ni msuku. Afya yake ni nzuri. Unahatarisha nyumba. Masharti: uangushwe upande wa barabara, matawi yasichomwe, watoto watatu wanaoshinda chini ya mti waondolewe kabla kazi haijaanza.

Nikamwambia kwetu hakuna watoto. Akasema labda ni wa jirani, lakini walikuwepo muda wote alipokuwa anapima. Walikaa shinani, uchi, wamempa mgongo. Masuku yameanguka kila upande na hawayagusi. Aliwaita, hawakugeuka. Nikamuuliza ni wakubwa kiasi gani. Akashusha sauti, ingawa dukani tulikuwa wawili tu.

"Hicho ndicho kinachonisumbua, dada. Wale umri wao ni wa kubebwa. Hata shingo hazijakaza. Lakini walikuwa wamekaa."

Nilichapa kama alivyoandika, nikamtolea kopi mbili. Siku sita baadaye kibali kilitoka, na sharti la tatu likiwa palepale. Polikarp alilisoma kwa sauti akacheka, akasema siku hizi serikali inakumbuka kila kitu. Kibali kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kukichana, nikamwambia mdogo wangu twende tukamuulize mama upya. Lakini kumuuliza mama ni kumwambia kwanza habari ya dole gumba. Nilikikunja nikamrudishia.

Tulichagua Jumamosi, siku ambayo mama huenda sala za jumuiya asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na jirani. Fundi Valence alifika saa tatu na msumeno wake wa mashine. Masuku yalikuwa yameiva na harufu yake imejaa uani. Mashine iliwaka, ikauma gome, ikazima. Akaiwasha. Ikazima. Mara ya tatu aliizima mwenyewe, akavua vizibo vya masikioni, akauliza ni nani kaacha mtoto analia muda wote huo. Tukatazamana. Mimi sikusikia kitu. Polikarp hakusikia kitu. Rosemary alikuwa amesimama mlangoni, mikono tumboni, na alikuwa anatazama shina la mti.

"Sio mmoja," akasema taratibu.

Polikarp akamwambia aingie ndani alale. Valence aliwasha tena, na safari hii haikuzima. Saa sita kasoro msuku ulilala barabarani, na jua likamwagika kwenye ukuta ambao haukuwahi kupigwa na jua. Wakaanza kuchimba kisiki. Hawakuchimba sana. Jembe liligonga kitu chini ya mzizi mkubwa, Valence akapiga magoti, akakitoa kwa mikono. Kilikuwa chungu. Chungu cha kupikia, cha zamani, kimefunikwa kwa kigae na kuzibwa kwa udongo. Kando yake kulikuwa na kingine. Na kingine.

Mama alirudi wakati huohuo. Alisimama pale kilipokuwa kinaanzia kivuli cha mti. Kivuli hakikuwepo. Akauachia mkono wa jirani, akaja mwenyewe, akipapasa hewa, mpaka mguu wake ukagusa mchanga mpya. Akakaa chini. Akaomba apewe vyungu.

Alipovisikia vyote vitatu mapajani, alisema, mbele ya Polikarp na mbele ya fundi, maneno ambayo hakuwahi kumwambia mwanamume. Kwamba baada yangu na kabla ya Polikarp alizaa mara tatu. Kwamba wote walikufa wangali wachanga wa ndani, kabla ya kutolewa nje kwa mara ya kwanza. Kwa desturi ya bibi zetu, mtoto wa namna hiyo hapewi jina, hawekewi matanga, haitiwi padri. Wanawake waliozaa humweka kwenye chungu, humzika karibu na nyumba, na midomo hufungwa. Mwanamume haambiwi. Mwanamke asiyezaa ndiye haambiwi kabisa, kwa sababu watoto wale hutafuta mama, na wakijua kuna kifua kitupu ndani ya nyumba, hukifuata.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hakunificha kwa kunidharau. Alinificha ili wasinijue.

Alibandua kigae cha chungu cha kwanza. Akaingiza mkono. Akatoa mkono. Akafanya hivyo kwa cha pili, na kwa cha tatu. Ndani hamkuwa na mfupa wala vumbi. Vilikuwa safi, kama vyombo vilivyosuguliwa majivu.

"Wametoka," mama akasema. "Wametoka na njaa."

Sikuweza kukaa na siri yangu tena. Nilimweleza mama habari ya dole. Akaendelea kuvirudishia vyungu vigae vyake, kimoja kimoja.

Rosemary alijifungua wiki tano baadaye. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye nywele nyingi, aliyelia vizuri. Tulimshukuru Mungu na Polikarp akalewa kwa furaha. Lakini mtoto hakunyonya. Sio kwamba hakutaka. Alipolazwa kifuani alifungua mdomo, halafu akasita na kugeuza uso pembeni, kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. Rosemary alikuwa anasikia maziwa yanashuka. Anasikia yanavutwa. Akimweka mtoto, ziwa limeshalegea.

"Wifi," aliniambia siku ya tatu, midomo imemkauka, "yanakwisha kabla hajafika."

Tulimpeleka kwa wauguzi. Tukajaribu maziwa ya kopo, akayatapika. Siku ya tano, saa sita mchana, nilimpokea Rosemary mtoto ili akaoge, na nilikuwa nimeshamshika dakika nzima nilipogundua kuwa nimeshika kitu kisichopumua. Alikuwa hajatolewa nje. Jina la Leonce halikutumika.

Walikuja wanawake wanne asubuhi iliyofuata, wote wazee, wote waliozaa. Mmoja alikuwa na chungu kipya ndani ya kitenge. Nikainuka nao. Mama mdogo Beata alinishika bega, akaniambia kwa upole nibaki jikoni, na Polikarp naye akaambiwa abaki. Tulikaa jikoni, mimi na mdogo wangu, kama watu wawili waliofungiwa. Tulisikia jembe. Hatukuambiwa ni upande gani wa nyumba. Wiki ile Rosemary alirudi kwao Mpitimbi, na Polikarp alikwenda Nalasi kwenye mashamba ya korosho. Simu zangu hapokei. Sina la kumlaumu.

Nyumba ikabaki na mama na mimi, na jua jingi.

Ilianza Jumatatu moja dukani. Nilikuwa namchapia mzee mmoja barua ya kuomba kuvunja banda. Saa sita kamili nikasikia joto kifuani. Mzee aliinamisha macho haraka. Nilipojitazama, blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Nilifunga duka. Hospitalini walinipima, wakasema ni mabadiliko ya umri, wakanipa vidonge. Nilivimeza vyote. Kila siku, saa sita, nikawa nabadilisha blauzi.

Jumamosi nilishinda nyumbani. Mama alikuwa barazani. Haoni, lakini saa ilipofika aliinua pua, akanusa. Akajua. Alikwenda ndani akipapasa ukuta, akatoka na mkeka, akautandika uani, kwenye udongo uliofukiwa pale kisiki kilipokuwa.

"Kaa," akasema. "Usiwatese."

Nilikaa. Nikafungua vifungo. Uani hamkuwa na mtu. Hamkuwa na upepo. Nikasikia wa kwanza. Mdomo mdogo, wa baridi, wenye nguvu. Alishiba, akaachia. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Sikulia. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kufunga vifungo.

Akaja mwingine. Huyu hakujua kunyonya. Alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Nilimjua. Niliweka mkono pale kichwa kilipopaswa kuwa, na kiganja kikagusa nywele nyingi. Nikamwelekeza.

Jua lilipopinda nilinyanyuka. Kwenye ngozi ya kifua changu kulikuwa na alama za fizi, nyekundu, bila jino hata moja. Nilizihesabu. Zile tatu zilikuwa zimeanza kufifia. Ya nne ilikuwa bado mbichi, na ina joto.