Gari la Mkono Mmoja

Usukani ulianza kuzunguka wenyewe, kama ulivyozunguka jana na juzi, na ndani ya gari hapakuwa na mtu.

Wageni walikuwa wamesimama nyuma ya kioo. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake alijishika kifua, akarudi nyuma hatua moja.

"Usihofu, bibi," Lumba alimwambia. "Hakuna jini humo. Ni mashine tu."

"Mashine inayokanyaga klachi?" bibi akauliza. "Nyie watoto mna roho ngumu."

Gari lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Lilielea juu ya sumaku za sakafuni, matairi yake hayagusi kitu. Hewa ya kawaida ilikuwa imenyonywa, na chumba kimejazwa gesi isiyolisha kutu wala ukungu. Watu wa Hazina ya Magari walikiita chumba-kimya. Lakini ukimya peke yake hautoshi kulinda gari. Chuma kisipotikisika hufa ganzi: mafuta huganda, mpira hukakamaa, gia hushikana. Ndiyo maana Injinia Elirehema, mkuu wa Hazina, alibuni kiigizamwendo.

Magari ya mwisho ya petroli yalitoka kiwandani yakiwa na kinasa-safari, kidude kidogo chini ya dashibodi kilichoshika safari ya mwisho ya gari: kila mzunguko wa usukani, kila breki, kila gia, hata taa. Safari ya mwisho tu. Ukianza nyingine, ile ya zamani inafutika. Kiigizamwendo kilisoma kumbukumbu hiyo na kulichezesha gari vilevile, bila moto wala petroli, ili viungo visilale. Gari likadhani linaendeshwa. Likabaki zima, na halijaenda popote.

Hilo ndilo watu walilotaka siku hizo. Mjini Iringa hakuna aliyeshika usukani tena. Vijiendesha viliwabeba watu kutoka mlango hadi mlango, na malori yote yalipita ndani ya handaki chini ya milima ya Udzungwa. Gari la mbio la petroli likawa mali ya kuweka, kama dhahabu. Watu wa mbali walinunua vipande vya thamani yake bila hata kuliona. Kila lilipotembea, bei ilishuka, kwa hiyo gari bora likawa lile lisilotembea. Na lililopita yote lilikuwa gari la mkono mmoja, yaani lililoendeshwa na mtu mmoja tu tangu litoke kiwandani.

Hili jekundu lilikuwa la mkono mmoja. Mkono huo ulikuwa wa Kastory Kihwele, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga. Alikuwa baba yake Lumba.

Alifariki Lumba akiwa mdogo, yuko kwa bibi yake. Alichopewa na ukoo ni hadithi. Baba mdogo Gaudensi aliisimulia msibani, kisha akaisimulia kila walipokutana, na kila mwaka ikanenepa: Kastory alishikwa na moyo Jumapili moja chini kule Mahenge, bondeni, akakataa kusaidiwa na mtu, akalipandisha gari mlima wa Kitonga peke yake, kona kwa kona, mpaka mlango wa hospitali. Akazima gari, akamkabidhi nesi funguo, ndipo akalala.

"Mwanaume yule!" Gaudensi alimalizia siku zote, akijipiga paja.

Lumba alisoma, akaomba kazi Hazina, na alipopewa kuangalia chumba-kimya cha gari la baba yake aliona Mungu amemkumbuka. Kila asubuhi alisimama kiooni pale, akimtazama baba akipandisha mlima. Aliijua safari ile yote. Alijua kona ambapo taa kubwa zilimemeta mara mbili. Alijua mahali usukani ulipochomoka ghafla kushoto ukarudi. Na alijua mahali gari liliposimama, kimya kirefu, kabla ya kuondoka tena polepole sana. Pale, alijiambia, baba alikuwa akilitazama bonde kwa mara ya mwisho.

Jambo moja tu lilimkera kidogo. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele, karibu na usukani, na baba yake alikuwa mrefu wa kuinama milangoni. Akadhani ni wasafishaji.

Alipokaa kupumzika, mikono yake ilijiendesha juu ya magoti. Wenzake walimtania. "Lumba, umefika kona ya ngapi? Tuchukulie nyanya za Ilula!"

Basi wiki hiyo akapatikana mnunuzi kutoka ng'ambo aliyetaka gari zima, pamoja na kumbukumbu ya safari ya mwisho. Alikuwa na sharti moja: mjane wa marehemu aje mbele ya kinasa-sauti cha Hazina, aape kwamba gari halijawahi kushikwa na mkono mwingine.

Mama yake Lumba hakuwahi kukanyaga Hazina. Miaka yote alikuwa na sababu: mara miguu, mara kanisani, mara mvua. Safari hii Gaudensi alimfuata nyumbani kwa kijiendesha, akamleta. Gaudensi alikuwa amevaa koti la marehemu kaka yake, lile la sufu alilogawiwa siku ya kuanua matanga. Lilimpwaya mabegani mpaka leo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, binti yangu," Gaudensi akajibu, meno yote nje. "Leo ndiyo siku. Mama yako anasema maneno mawili, tunakwenda kula nyama. Injinia, mashine iko tayari?"

"Iko tayari, mzee," Elirehema akasema kwa upole. "Lakini kwa taratibu zetu, shahidi hulitazama gari kwanza. Aone ndilo lenyewe."

"Atazame nini? Gari ni jekundu, ana macho."

"Nitatazama," mama akasema.

Lumba akakiwasha kiigizamwendo. Klachi ilishuka. Gia ya kwanza iliingia kwa kusuasua, ikatoka, ikaingia tena. Usukani ukaanza kazi. Lumba alimsogelea mama yake, akamnong'oneza kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Muone baba, mama. Hapa anaanza kupanda. Sasa ngoja, hapa kuna kona, atawasha taa. Umeona? Sijui alikuwa akimsalimu nani."

Mama alikuwa akivua viatu. Lumba alimwona akivivua taratibu bila kuinama, akabaki miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi, na mguu wake wa kushoto ukashuka kila klachi iliposhuka.

Ulishuka kabla ya klachi.

Usukani ulichomoka kushoto ukarudi. Mama akafumba macho. "Lori la vitunguu," akasema. "Lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, wameweka majani tu. Sikuliona."

"Mama?"

"Sikuwa nasalimu mtu, Lumba. Malori yalikuwa yanapanda mwendo wa kinyonga. Nilikuwa naomba njia."

Gaudensi alikohoa. "Shemeji, umechoka na safari. Injinia, lete kiti."

"Nimekaa sana, shemeji." Sauti yake haikupanda. Akamgeukia binti yake. "Baba yako alinifundisha kuendesha siku za Jumapili, kwa siri, maana wanaume wa hapa wangemcheka. Siku ile alikuwa upande wa abiria. Alinishika mkono, huu wa gia. Kila nikibadili gia nabadili na mkono wake juu. Halafu..."

Nyuma ya kioo gari lilikuwa limesimama. Hakuna kilichosogea. Lumba alikuwa amekipenda kimya hicho kuliko kitu chochote alichoachiwa na baba yake.

"Halafu mkono ukawa mzito," mama akasema. "Nikasimama. Hapo."

Gia ikaingia. Usukani ukaanza tena polepole sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Lumba aliukumbuka mwaka wake wa kwanza pale, alivyokuwa akifika mapema ili aione safari mara mbili. Mara nyingine aliirudisha makusudi pale pa kusimama, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akamwambia baba habari zake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliambiwa ninyamaze." Mama hakumtazama shemeji yake. "Ilisemekana gari la mkono mmoja lina heshima zaidi. Na mwenyewe nikaona, basi, mtoto abaki na baba shujaa. Nilinyamaza hata sikumlilia ile njia. Nimlilie vipi, wakati ilisemwa sikuwepo?"

"Shemeji, unatuua!" Gaudensi alishika kichwa. "Nilifanya vibaya? Ungekula nini? Ningejuaje kama mtoto atakuja kufanya kazi humu? Gari hili ndilo benki ya ukoo. Sema maneno mawili tu. Mkono wako au wake, si ni mkono wa nyumba moja?"

"Shemeji, koti lake umevaa wewe. Viatu vyake alivaa ndugu yenu Evarist mpaka vikaisha. Shoka, redio, saa, vyote viligawiwa, vikatumika, tukaanua tanga. Gari hili tu mlilining'iniza hewani. Na kila siku mnanipandisha palepale, mnanisimamisha palepale. Nikiwa nyumbani naota miguu yangu inakanyaga. Nilidhani ni uzee."

Gaudensi aliitazama mikono ya koti ilivyomfika vidoleni, akaanza kuikunja, kisha akaacha.

Elirehema alizima kinasa-sauti. Alikuwa mtu wa hesabu, na kiigizamwendo kilikuwa fahari ya maisha yake, lakini sasa alikitazama kama mtu aliyegundua kwamba mbwa wake ameuma mtoto.

"Mimi nilikitengeneza kilinde chuma," akasema. "Chuma tu. Mama, gari bado ni mali ya familia. Mnaweza kulitoa. Ila niseme wazi: likigusa barabara, bei imekwisha. Na kinasa-safari kitaandika safari mpya juu ya ile. Haitarudi. Hata mimi siwezi kuirudisha."

Wote walimgeukia Lumba, maana ufunguo wa chumba-kimya ulikuwa shingoni mwake.

Aliliangalia gari. Kama mama angeapa, safari ile ingekwenda ng'ambo na kuchezwa mbele ya mtu asiyejua Kitonga ni nini, milele, na mama akikanyaga usingizini. Kama wangelitoa, asingekuwa na baba wa kumtazama asubuhi. Kisha akakumbuka kwamba hajawahi kuwa naye. Aliyekuwa akizungumza naye miaka yote ile kupitia kioo, akimweleza habari za shule na za wachumba, alikuwa mama yake, peke yake mlimani, akiomba njia.

"Baba mdogo," akasema, "nisamehe." Akaingiza ufunguo.

Waliondoka mchana wa jua kali. Lumba alikuwa na kibali cha kuendesha kwa mkono, kwa kuwa kila mwangalizi lazima ajue gari linavyojisikia. Alifundishwa kwa gari kuukuu kwenye uwanja wa nyuma. Mama alikataa usukani. Alikaa upande wa abiria, mahali alipokaa marehemu siku ile, na viatu vyake mapajani. Elirehema alitia petroli kwa mkono wake, akapiga bodi kofi moja dogo, kama anayemuaga ng'ombe wa mahari. Gaudensi hakuja kuaga. Lakini walipopita getini walimwona amesimama, koti amelivua, amelikumbatia.

Waliteremka Kitonga taratibu, wakageuzia Mahenge, wakaanza kupanda. Barabara ya zamani ilikuwa imeachiwa nyasi na nyani. Nyani walikaa kwenye kingo za saruji wakalitazama gari linalonguruma kama wanaomwona babu yao. Injini ilikuwa na sauti nene ambayo Lumba hakuwahi kuisikia. Chumbani siku zote lilikuwa bubu. Mama alicheka kidogo. "Alikuwa anapenda makelele huyo. Kanisani tulikuwa tunasikika kabla ya kengele."

Kona ikaja. Mbele yao hapakuwa na lori, hapakuwa na chochote ila jua na lami iliyopasuka. Taa kubwa zikamemeta mara mbili.

Mama aligeuka. "Nani amewasha?"

Lumba aliitazama mikono yake. Hakuwa ameiambia kitu. Na kabla hajajibu, usukani ukachomoka kushoto, ukarudi, ukakwepa lori la vitunguu lililoondolewa pale zamani, na mguu wake ukakanyaga kwa nguvu, injini ikalia, kona nyingine ikaja kwa kasi. Mwili wake wote ulikuwa unaijua safari ile. Ulikuwa unawahi hospitali.

"Mama, siwezi kuacha," akasema, na machozi yalikuwa yakimziba barabara.

Mama aliunyoosha mkono, akauweka juu ya mkono wake wa gia. Ulikuwa mkavu na wa moto, na haukuwa mzito.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Tulishachelewa zamani. Punguza."

Gia ikashuka. Walifika mahali pa kusimama, na Lumba hakusimama. Walipita pale mwendo wa mtu anayetembea, mkono wa mama ukiwa juu ya wake, na kidude kidogo chini ya dashibodi kikaandika.