Fundi Kola Alivyomtuma Sindano Kwa Daktari

Majirani zangu, vuteni viti mkae. Habari hii ni ya nyumba moja, lakini nyumba nyingi zina mlango kama ule.

Kila Jumapili asubuhi, maduka yakiwa bado yamefunguliwa nusu mlango, dirisha moja la ghorofa ya nne lilifunguka. Kikapu kikashuka kwa kamba polepole, kikigusagusa ukuta, ndani yake bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Chini barabarani mwanamke mmoja alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Umepata?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Nimepata, mama! Chakula bado kina moto!"

"Kula ushibe. Na bakuli langu nirudishie, usilifanye urithi!"

Aliyekuwa juu ni mama mzazi, mjane, ambaye watoto wa mtaa walimwita Bibi wa Juu. Magoti yalimkatalia kushuka ngazi. Kila alipoambiwa abebwe, hata mara moja tu akaote jua, alijibu, "Mimi sibebwi. Anayetaka kunibeba asubiri nife." Aliyekuwa chini ni bintiye mkubwa, Fundi Kola. Aliitwa hivyo kwa sababu katika karakana yao ya sare za shule kila fundi alikuwa na kipande chake: huyu anakata kitambaa, yule anatia mikono, mwingine vifungo, na yeye ni kola. Kola aliyoishona yeye ilikaa imesimama mpaka shati lenyewe lichakae.

Mpita njia akiona kile kikapu alitabasamu, akasema, tazama mapenzi ya mama na mwana. Hakujiuliza kwa nini yule binti asipande tu.

Hapandi kwa sababu hawezi, jamani. Baada ya uzazi wa pili mwili ulianza kumzidi, na kazi ya kukaa kwenye cherehani mchana kutwa ikauongezea. Ukaja ugonjwa wa sukari. Zikaja pumzi fupi. Akilala chali alikuwa kama mtu anayezamishwa majini, hivyo akajifunza kulala ameketi. Alijaribu kujinyima chakula, akapungua, kisha mwili ukarudi na nyongeza. Asiyejua mambo hayo husema ni ulafi. Anayejua hunyamaza.

Mara ya mwisho kupanda kwa mama yake alipumzika kila ghorofa. Alipofika ya tatu, macho yakaingia giza, akakaa chini. Mpangaji mmoja alimletea maji, na hapo alifanya wema. Lakini alipompa glasi akaongeza, "Pole, mama. Na ngazi nazo tuzipe pole." Watu waliokuwa mlangoni wakacheka. Fundi Kola naye akacheka, maana ndivyo wanavyofanya wanaochekwa. Akashuka. Hakurudi tena.

Tangu hapo akawa anamwona mama yake kama picha ndani ya fremu: kichwa, mabega, na mkono mmoja unaoshika kamba. Alitamani kumkata kucha. Alitamani kumpaka mafuta miguuni, kumnusa shingoni pale penye harufu ya sabuni na poda. Usiku alimwambia mumewe kwenye simu, maana mume alikuwa dereva wa lori na nyumbani alikuwa mgeni, "Unajua nimesahau kitanda cha mama kimeelekea wapi?"

Siku moja mpishi wa shule alileta magauni yake yapunguzwe. Baada ya muda akayaleta yale yale yapunguzwe tena.

"Shoga, unaumwa?" Fundi Kola aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Naumwa nini! Nimefanyiwa upasuaji. Wamenipunguza tumbo. Si hili la nje unalolitazama, lile la ndani linalopokea chakula. Sasa nikila kidogo nimeshiba."

"Mtu anakatwa tumbo, anaishi?"

"Mimi ni mzimu? Si rahisi, nisikudanganye. Unafunzwa kula upya kama mtoto. Lakini jana nimepanda kilima kwa miguu yangu hii."

Fundi Kola akatoa pini mdomoni moja moja. "Na gharama?"

"Bima. Ya kwako ya karakana huenda ikalipa pia. Tafuta daktari wa upasuaji anayepokea kadi yako. Ila nenda mwenyewe, wakupime."

Usiku huo Fundi Kola hakulala. Alikuwa akipanda ngazi kichwani, ngazi baada ya ngazi, mpaka mlangoni kwa mama.

Alipiga namba iliyo nyuma ya kadi. Muziki ukapigwa, ukapigwa, kisha simu ikakatika. Akaenda hospitali ya karibu. Dirisha la mapokezi lilikuwa na kioo chenye tundu dogo, na foleni ilimsimamia mgongoni.

"Nauliza kuhusu... upasuaji," alinong'ona.

"Sema kwa sauti, mama. Upasuaji wa nini?"

"Wa kupunguza... mwili."

Nyuma yake mtu akasema, "Funga mdomo tu, mama, utapona bure!" Foleni ikaangua kicheko. Fundi Kola akarudisha kadi kwenye pochi, akatoka bila kupata jibu lolote. Mtu aliyesema lile neno huenda alilisahau kabla ya kufika kwao. Tazameni lilivyofanya kazi.

Jioni alimwita mdogo wake, aliyeishi na mama kule juu. Huyu alikuwa msusi, mwembamba kiasi kwamba kila mtu alimwita Sindano.

"Mdogo wangu, kaniulizie wewe. Zunguka hospitali, uliza kama wana daktari wa upasuaji huu anayepokea bima ya karakana yetu."

"Kwa nini usiende wewe, dada?"

"Mimi sirudi kwenye foleni zile. Na usinitaje. Usiseme ni wa dada yako. Niapie."

Sindano akaapa. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, tena kwa mapenzi.

Alikwenda hospitali ya kwanza, akasimama mbele ya dirisha amevaa suruali yake nyembamba. "Nataka upasuaji wa kupunguza mwili. Bima hii inalipa?"

Karani alimtazama chini hadi juu. "Wa nani?"

Sindano akakumbuka kiapo. "Wangu."

"Upunguze nini, dada, mifupa? Bima hailipi urembo. Anayefuata!"

Hospitali ya pili wakamwambia vivyo hivyo, bila kejeli: upasuaji wa urembo haumo kwenye kadi. Hospitali ya tatu, ng'ambo ya mji, karani alimpa ushauri wa kula vizuri, akamwonea huruma akidhani ana ugonjwa wa kujichukia.

Sindano hakudanganya aliporudi. Alisema alichosikia. "Dada, bima hailipi. Kote wamekataa."

"Kote?"

"Kote."

Fundi Kola akainama juu ya cherehani, akaendelea na kola yake. Ule upole aliutoa wapi? Akazika lile jambo. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila Jumapili alisimama pale pale chini, shingo ameikunja nyuma, akimtazama mama akizidi kuwa mdogo dirishani.

"Utapanda lini?" Bibi wa Juu aliuliza mara kwa mara.

"Karibuni, mama."

"Karibuni hiyo ni ndefu, mwanangu."

Ikafika Jumapili ambayo kikapu hakikushuka. Fundi Kola alisubiri, akaita, akaita tena. Dirisha likafunguka, ni Sindano.

"Dada! Mama hawezi kuinuka! Anaongea, lakini upande mmoja hausogei!"

Fundi Kola hakujibu. Aliingia mlangoni, akashika reli ya ngazi, akaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza alifika. Kati ya ya kwanza na ya pili, kifua kikamfunga na magoti yakagoma. Akaketi kwenye ngazi, akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Mama yake yuko juu ya kichwa chake, na hawezi kumfikia.

Kinyozi wa duka la chini alimpita mbio na vijana wenzake. Haukupita muda Fundi Kola akasikia nyayo nzito zikishuka. Walimbeba Bibi wa Juu kwenye kiti cha plastiki, khanga imemzunguka kifuani ili asianguke. Naye, hata katika hali ile, alikuwa akigomba kwa ulimi mzito: "Polepole! Mimi si gunia!"

Walipofika kwenye kona ya ngazi, wakasimama. Mama na binti wakatazamana, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Umepanda mpaka hapa?" mama aliuliza.

"Nimepanda, mama."

"Basi tumekutana njiani." Akanyoosha mkono ule mzima, akamshika bintiye shavu. Kinyozi akageuza uso ukutani.

Hospitalini wodi ilikuwa chini, haina ngazi. Fundi Kola alikaa kando ya kitanda usiku na mchana. Alimkata mama kucha. Alimpaka mafuta miguuni. Alimnusa shingoni, akamkuta ana harufu ya dawa ya hospitali, akamnusa hivyo hivyo.

Asubuhi moja daktari wa wodi, mwanamke kijana, alimkuta amesinzia kwenye kiti, anakoroma, pumzi zinakatika, kisha anashtuka kama aliyeibuka majini. Akamgusa bega.

"Mama, wewe unatibiwa na nani?"

"Mimi si mgonjwa, daktari. Nimemleta mgonjwa."

"Pumzi zako zinakatika usingizini. Una sukari?"

"Ninayo."

"Kuna upasuaji ungekusaidia. Una bima?"

Fundi Kola akacheka kwa uchungu. "Ipo, lakini haipokelewi. Tumeuliza hospitali tatu."

"Walikupima, wakakataa?"

Sindano, aliyekuwa akikunja shuka, akasema kwa sauti ndogo, "Niliuliza mimi, daktari."

"Kwa niaba yake?"

"Nilisema ni wangu. Niliapishwa."

Daktari alimtazama Sindano kutoka utosini mpaka kwenye kandambili. "Hata mimi ningekufukuza."

Bibi wa Juu akaanza kucheka kitandani, nusu ya mdomo, mpaka akakohoa. "Mnatuma ufagio ukaulize bei ya pipa!"

Wakacheka wote, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani. Kicheko kilipoisha, daktari aliketi, akamwambia Sindano azitaje zile hospitali tatu, kisha akaeleza taratibu. Kadi ile hailipi urembo, ni kweli. Lakini mtu mwenye sukari, pumzi zinazokatika na magoti yaliyochoka huyo anatibiwa ugonjwa. Anapimwa, madaktari wanaandika walichokiona, bima inaombwa ruhusa. "Na ile hospitali ya pili mliyokwenda," akamalizia, "daktari wao wa upasuaji anapokea kadi yenu. Anaipokea siku zote. Nimempelekea wagonjwa mimi mwenyewe."

Sindano akajifunika uso kwa shuka alilokuwa akilikunja. Fundi Kola hakumlaumu. Alimvuta, akamweka kichwa begani.

"Mimi ndiye niliyekuapisha," alisema.

"Acheni kulia juu yangu, mtanilowesha," Bibi wa Juu alisema. "Kola, nenda ukapimwe. Mimi nitakusubiri nyumbani."

Hakurudi nyumbani. Alizimika alfajiri moja, binti zake wote wawili wameshika mikono yake.

Baada ya maziko Fundi Kola alikwenda hospitali ile ya pili. Foleni ilikuwepo, na kioo chenye tundu dogo kilikuwepo. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Nataka kumwona daktari wa upasuaji wa kupunguza mwili. Naumwa, na kadi yangu hii hapa." Kuna aliyecheka. Fundi Kola aligeuka, akamtazama, akasubiri mpaka kicheko chake kikaisha chenyewe. Karani akachukua kadi.

Vipimo vilichukua miezi, na bima mwanzoni iliomba maelezo zaidi, yakapelekwa. Akapasuliwa, akapona taratibu. Akafunzwa kula upya: vijiko vichache, akitafuna mpaka achoke. Kuna siku alitamani kushiba kama zamani, akalia. Mwili ukapungua polepole, si kwa miujiza. Sukari ikatulia. Akalala chali.

Kisha Jumapili moja, bila kumwambia mtu, alishika reli, akapanda. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu akasimama kidogo, akapumua, akaendelea. Akafika mlangoni. Ulikuwa wazi, kama ilivyo milango ya mchana, na Sindano alionekana jikoni akiosha vyombo. Angeweza kuingia tu.

Akasimama. Akarekebisha nguo yake.

"Hodi," alisema.

Sindano alisikia. Lakini alijua hodi ile haikupigwa kwake, akaiacha ikae hewani kidogo, maji yakichuruzika mikononi. Kisha akafuta mikono, akaja mlangoni.

"Karibu, dada," akasema. "Ingia. Kitanda chake kimeelekea mlango."

Mafunzo

Majirani, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilimwacha aliyeficha, kikamchukua aliyekuwa akimsubiri. Unene unaoziba pumzi ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una madaktari wake. Ukiwa na bima, usikubali "hailipi" ya kusikia kwa mtu. Jipeleke mwenyewe, mwili wako ndio shahidi wako. Taja ugonjwa wako kwa jina lake, upimwe, uulize ni daktari yupi anapokea kadi yako. Wakikataa, uliza kwa nini, kisha uulize kwingine.

Na ninyi mnaotania watu kwenye foleni na kwenye ngazi, kwenu lile ni neno la kupita tu. Kwa mwenzenu lilikuwa mlango uliofungwa miaka.

Mwenye ndugu anayeona haya asikubali kuulizia kwa niaba yake na kumficha jina. Amshike mkono, waende wote wawili.

Haya ndiyo mafunzo. Nenda ukaulize, angali yupo wa kukuitikia hodi.