Mteja wa Siri wa Mwewe Baga

"Namba arobaini na tatu! Arobaini na tatu yuko wapi jamani?"

Arobaini na tatu alikuwa ameshachoka kungoja, amevuka barabara kwenda kula kwa wapinzani. Sasa arobaini na nne na arobaini na tano walikuwa wanagombea baga yake. Ilikuwa Jumamosi, tarehe nne Februari mwaka 2006, saa saba na nusu mchana, ndani ya Mwewe Baga, hatua chache kutoka stendi ya Singida. Mabasi mawili yalikuwa yameshusha abiria kwa wakati mmoja. Mashine ya soda ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na kila mlango ulipofunguliwa, upepo uliingiza vumbi mpaka kwenye kachumbari.

Kampuni hii ilitoka Dar es Salaam na kitabu cha kanuni cha kurasa themanini. Mteja alipe kwanza, apewe namba, asubiri. Baga itoke ndani ya dakika nne. Mhudumu aseme maneno yaleyale kwa kila mtu, awe mtoto wa shule au babu wa miaka themanini: "Karibu Mwewe, tukuhudumie nini leo?" Ng'ambo ya barabara walikuwapo Kanga Grili wa kutoka Arusha, na aproni zao za madoadoa. Kanga wakitoa soda ya bure, Mwewe wanatoa chipsi za bure. Mwewe wakining'iniza maputo, Kanga wanaleta spika. Soko huria lilikuwa limefika Singida kwa kelele nyingi, na mwenye njaa bado alikuwa amesimama kwenye foleni.

Katika foleni hiyo alikuwapo kijana mmoja mrefu, mtu wa Manyoni, jina lake Mselemu. Alivaa shati la samawati lililopigwa pasi likakubali, na kalamu mbili mfukoni. Mkononi alikuwa na risiti namba hamsini na moja.

"Dada," alimwambia msichana wa kaunta, "mimi hamsini na moja. Nitakula leo au kesho?"

"Kaka, hata ukila kesho bei ni ileile."

Watu wakacheka. Mselemu naye akacheka, ndipo akamtazama vizuri. Kofia nyekundu ya kampuni ilikuwa imekaa juu ya mtandio mweupe, macho yamepakwa wanja, na kifuani kuna kibandiko: NASMA.

Kabla hajapata jibu la kumrudishia, aliona jambo lililomfanya asahau njaa. Kwenye meza ya pembeni alikaa bibi mmoja wa Mungaa, aliyeletwa mjini kutibiwa macho. Aliyemleta ni mkwewe, mume wa binti yake, na mwanamume huyo alikuwa amenunua baga mbili kwa nia njema. Sasa walikaa wameelekeana, kila mmoja anatazama sakafu. Baga ni chakula cha kupanua mdomo. Mama mkwe atapanuaje mdomo mbele ya mkwewe, mchuzi unamtiririka kidevuni? Bora njaa.

Nasma aliacha kaunta. Foleni ikanung'unika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Alileta birika na beseni, akapiga goti, akamnawisha. Akaifungua baga, akaikata vipande vinne vidogo, akavipanga kwenye sahani. Kisha akamgeukia yule mwanamume. "Baba, wewe njoo meza hii huku, kuna upepo mzuri." Upepo haukuwa mzuri hata kidogo, lakini mwanamume alihama mbio, akakaa amempa bibi mgongo. Wote wawili wakala kwa amani.

Mselemu alitazama saa yake. Dakika kumi na moja tangu alipe. Alitazama saa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kampuni moja ya utafiti ya Dodoma ilimlipa ale kwenye matawi ya Mwewe kama mteja wa kawaida, kisha ajaze fomu kwa siri. Nasma hakujua. Alichojua ni kwamba yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio, na mwisho wa Machi ataajiriwa moja kwa moja au ataachwa. Baba yake, Mzee Abdulkadiri, muuza vitenge wa Utemini, alikwishamwambia: "Wakikuacha, unarudi kukaa dukani kwangu mpaka upate mume." Nasma aliipenda kazi. Kukaa dukani akingoja mume hakukutaka kabisa.

Mselemu alikula, akaondoka. Kesho yake akarudi kwa pesa zake mwenyewe.

"Hamsini na moja! Jana hukushiba?"

"Nilishiba baga. Kuna kitu kingine sikushiba."

"Hapa tunauza baga na chipsi tu, kaka."

"Basi nipe chipsi na namba ya simu."

Nasma alimzungusha siku tano. Siku ya sita akamwandikia namba nyuma ya risiti. Baada ya hapo ilikuwa ni kubipiana. Mselemu anabipu mara moja maana yake "nakuwaza", mara mbili maana yake "nimepata vocha, pokea."

"Umekula, mpenzi?" angeuliza Nasma.

"Nimekula ugali wa Dodoma. Hauna mtu wa kuninawisha."

"Huna mikono?"

"Ninayo, lakini imedeka."

"Ikideka sana nitaikata vipande vinne." Kisha angeshusha sauti. "Mselemu, Machi inaisha. Naogopa. Nikirudi duka la baba nimekwisha."

"Huachwi. Niachie mimi."

"Nikuachie wewe kivipi? Wewe una nini na Mwewe?"

"Aa, nakuombea dua tu."

Hapo ndipo alipokosea, na mimi nimekasirika naye mpaka leo. Angesema tu. Lakini Mselemu alikuwa mtu wa kalamu: jambo lisiloandikwa kwake halijafanyika. Alijaza fomu kwa uaminifu, visanduku vyote. Muda: dakika kumi na moja. Salamu ya kampuni: haikutolewa. Baga kuguswa baada ya kufungwa: ndiyo. Chini, penye maoni mengine, akamwaga moyo wake. Akaeleza habari ya bibi na mkwewe, akaandika kwamba Nasma ni mhudumu bora kuliko wote aliowaona, na kwamba Mwewe wakitaka kuwashinda Kanga Singida, wamfuate yeye. Akabana risiti yake, akapeleka ofisini, akalala usingizi wa mtu aliyetenda mema.

Ofisi ya Dodoma ilijumlisha visanduku. Maoni mengine hayakusomwa na mtu.

Tarehe thelathini Machi, meneja Philipo alimwita Nasma jikoni. Alikuwa mtu mpole, na alishika karatasi kama ameshika moto.

"Dada Nasma, umepata alama nne kati ya kumi. Makao makuu wamesema tusikuajiri."

"Nne? Wateja wangu wanarudi kila siku, wewe mwenyewe unaona!"

"Mimi naona. Kisanduku hakioni. Ilikuwa Jumamosi tarehe nne, yule bibi uliyemkatia baga."

"Nani aliandika?"

"Huwa hatuambiwi. Ni mteja wa siri, kuna risiti yake tu."

Nasma aliichukua risiti. Hamsini na moja. Alisoma namba ile mara tatu. Alivua kofia nyekundu, akaiweka juu ya kaunta, akatoka nje kwenye vumbi. Hakulia mpaka alipofika nyuma ya vibanda vya matunda.

Simu ilipolia mara mbili jioni ile, alipokea.

"Habari za mpenzi wangu?"

"Wewe ndiye mteja wa siri?"

"Nani amekwambia?"

"Mselemu, nakuuliza."

"Ndiyo. Lakini nilikusifia! Nimejaza nusu ukurasa, nimesema wewe ni bora kuliko..."

"Nimefukuzwa."

"Haiwezekani."

"Nimefukuzwa kwa fomu yako! Dakika kumi na moja, umeandika. Ulikuwa unanitazama huku unanihesabia dakika! Mwezi na nusu unaniita mpenzi, na siku zote umenificha."

"Nasma, kazi yenyewe ni siri, na nilitaka kukusaidia..."

"Nilikuomba? Ungeniuliza ningekwambia usiandike kitu. Njia ya mwongo ni fupi, Mselemu. Yako imeishia hapa."

Alikata. Mselemu akabipu mara mbili, mara nne, mara kumi. Mwisho akasikia sauti ya mashine ikimwambia mteja anayempigia hapatikani.

Kesho yake Mzee Abdulkadiri alimwekea binti yake kiti nyuma ya vitenge. Nasma alikaa siku mbili. Siku ya tatu alivaa dera lake la zambarau, akajifunga mtandio mweusi, akavuka mpaka Kanga Grili, akamwomba meneja, mama mmoja aitwaye Luciana, dakika tano. Luciana hakuhitaji hata moja.

"Wewe si yule wa birika? Wazee wanaingia hapa wananiuliza, 'Yule binti anayenawisha yuko wapi?' Njoo na birika lako. Nakuandikia mkataba leo leo, si majaribio."

Baba alinuna, lakini mkataba ulikuwa na muhuri, akarudi kwenye vitenge vyake. Wiki tatu Nasma alifanya kazi ndani ya aproni ya madoadoa. Wazee walihamia Kanga. Mwewe wakaongeza maputo.

Mtu angedhani Mselemu kajifunza. Wapi! Aliona maji yamemwagika, akaona dawa ni kuonyesha kwamba ana nia thabiti. Mwanamume mwenye nia thabiti anafanya nini? Anaandika. Aliandika barua ya posa, kurasa mbili, mwandiko wa kupendeza, akaiweka kwenye bahasha pamoja na fedha ya kufungulia barua, akamtuma mjomba wake Antipasi kuwa mshenga. Mjomba akaipeleka Utemini Ijumaa mchana, Nasma akiwa kazini.

Nasma aliporudi alimkuta baba yake anatabasamu, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema mzee. "Umeposwa, mwanangu. Kijana wa Manyoni, anaitwa Mselemu. Ana kazi, ana adabu, ana mwandiko. Sasa hiyo kazi ya kunawisha watu ya nini tena? Jumatatu kawaage."

"Baba, mimi sijakubali!"

"Barua imekubaliwa. Mama yako ameshaanza kuwaambia majirani."

"Nimeanza tu kidogo," alisema mama yake kutoka uani.

Nasma alifunga mlango wa chumba chake. Kwa mara ya kwanza tangu Machi akampigia Mselemu. Akapokea kabla haijalia vizuri.

"Nasma! Umepata barua?"

"Nimeipata. Mselemu, sikiliza vizuri maana vocha yangu ni ndogo. Mara ya kwanza uliniandika, nikafukuzwa kazi. Leo umeniandika tena, na baba ananitoa kwenye kazi ya pili. Unawaandikia watu wote, Dodoma, Dar es Salaam, baba yangu. Mimi mwenyewe hujawahi kuniuliza kitu."

"Ni desturi, mpenzi. Posa inaanzia kwa wazazi."

"Inaanzia kwa wazazi wakati msichana ameshakubali. Hata kuku anafukuzwa kwanza kabla hajashikwa!"

"Sasa nifanye nini?"

"Kaitoe barua yako."

"Nasma, kutoa posa ni aibu. Mjomba atanikana. Baba yako hatataka kuniona tena."

"Ndiyo. Utaonja na wewe."

Ikakatika.

Jumapili, saa saba mchana, Kanga Grili ilijaa mpaka mlangoni. Spika zilipiga kelele, watoto walilia, na mtu mmoja alikuwa anadai soda yake ya bure kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba. Nasma aliinua macho akamwona Mselemu nyuma ya foleni. Shati la samawati halikupigwa pasi. Mfukoni hakukuwa na kalamu. Alingoja zamu yake, watu kumi na nane, hakuruka hata mmoja.

"Nimetoka Utemini," alisema alipofika mbele. "Nimeitoa."

"Baba kasemaje?"

"Kasema mimi ni mhuni. Kasema nisikanyage tena kizingiti chake. Mjomba Antipasi alikaa pembeni tu, na njia nzima hakunisemesha. Nimemwambia mzee, kosa si la binti yako, kosa ni langu, sikumuuliza. Na nimemwomba asikutoe kazini."

"Akakubali?"

"Akasema hawezi kupokea ushauri wa mhuni. Lakini mama yako kasema kama posa haipo, basi na kuaga hakupo."

Nasma alijikuta ametabasamu, akajikasirikia kwa kutabasamu.

"Dada, tuna njaa huku!" mtu alipiga kelele.

"Niambie la kufanya," alisema Mselemu. "Safari hii nauliza. Fomu ya mwisho sijaipeleka, kazi ile nimeiacha. Nasma, utakubali nikuoe? Na kazi yako uendelee nayo, uamuzi ni wako, si wa barua ya mtu."

Foleni nzima iligeuka kutazama. Hata yule wa soda ya bure aliacha kudai.

Nasma alimtazama. Bado alikuwa na hasira naye. Alikuwa na hasira kwa Machi, kwa siku mbili za nyuma ya vitenge, kwa siku zote za simu iliyozimwa ambazo alimkumbuka na kujichukia. Hasira ile haikwenda popote. Lakini aliona pia kwamba mtu huyu amevunja heshima yake mbele ya mzee na mjomba wake, na amekuja kusimama hapa bila karatasi.

"Kaa pale," alisema. "Nimalizane na wateja."

Alihudumia watu ishirini na mmoja. Aliwanawisha wazee wawili, akakata baga moja. Mselemu alikaa bila kula, bila kuangalia saa. Watu walipopungua, Nasma alivua aproni, akaja, akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Ndiyo," alisema. "Na kwa baba twende wote. Nitasema mwenyewe."